Kuanza ufinyanzi kama hobi: chagua studio kwa masaa yake, sio kwa magurudumu yake

Mtu akianza kuulizia ufinyanzi karibu kila mara anaulizia gurudumu. Kaona video, mtu amekaa, mikono imejaa tope, chungu kinapanda chenyewe taratibu na kamuziki laini kwa nyuma, basi anasema na mimi nataka hiyo. Sawa, hakuna ubaya, wengi wetu tulivutwa na hicho hicho. Ila kinachoonekana kwenye video ni dakika chache tu za kazi ambayo kutoka udongo mbichi mpaka kikombe cha kunywea inachukua wiki mbili tatu hivi, na mara nyingi zaidi, na sehemu kubwa ya hizo wiki chombo kimekaa tu kwenye shelfu kinakauka na wewe uko kwako unawaza kimefika au bado.

Hilo ndo ningependa mtu alijue kabla hajalipia chochote. Ufinyanzi ni mambo ya maji: udongo una maji kiasi gani saa hizi, na wewe uko karibu au haupo. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na hawakukosea, ila kwa mtu mwenye ratiba ya kazi shida inaanzia baada ya hapo, maana ukishauwahi inabidi uusubiri ukakamae, na ukishakakamaa uuwahi tena kabla haujakauka kabisa. Kwa hiyo studio nzuri kwa anayeanza sio lazima iwe ile yenye magurudumu mapya na picha kali kali, ni ile ambayo utaweza kurudi siku mbili tatu baadaye ukamalizia ulichoanza.

Onja kwanza

Studio nyingi za jamii zina ngazi tatu. Kuna darasa la siku moja, masaa mawili hivi, unachezea udongo, unaacha kitu chako wanakuchomea, unarudi kuchukua. Kuna kozi ya wiki kadhaa, mara nyingi 6 mpaka 8, siku moja kwa wiki. Alafu kuna umemba, unalipa kwa mwezi, unapewa sehemu yako ya shelfu na unakuja kufanya kazi zako bila mwalimu juu ya kichwa.

Pitia kwa mpangilio huo huo. Darasa la siku moja halikufundishi ufinyanzi, tuelewane, kile chombo utakachotoka nacho nusu yake ni mikono ya mwalimu, lakini litakujibu swali moja kubwa, kama unapenda udongo mikononi au hupendi. Kuna watu hawapendi kabisa, unakausha ngozi, unaingia kwenye kucha, nguo zinachafuka, na bora ujue hilo kwa masaa mawili kuliko kwa mkataba wa miezi sita. Na umemba usiuchukue kabla ya kozi, studio nyingi zenyewe hazikubali, na ziko sahihi, maana mtu asiyejua kinachoendelea kwenye tanuru anaweza kuharibu kazi za watu wengine ishirini kwa chombo kimoja, nitaeleza huko chini.

Vifaa usinunue sasa hivi. Vile vya msingi ni waya wa kukatia, sindano yenye mpini, sponji, kisu cha mbao, kibao au chuma chembamba cha kulainishia na kile chenye kitanzi cha chuma cha kuchongea, na kozi yoyote inayojiheshimu inakuwa navyo. Wewe njoo na aproni au nguo ya zamani, taulo la zamani, kucha fupi (hili la kucha sio mapambo, kucha ndefu zinachimba ukuta wa chombo na kwenye gurudumu hazikuachi ufanye kitu), na vua pete.

Nenda ukaangalie, alafu uulize

Usijiunge kwa simu. Nenda, omba kuzungushwa, na muda wote macho yako yawe yanatafuta vitu viwili: shelfu za kukaushia na vifaa vya usafi. Gurudumu liangalie mwisho.

Shelfu kwanza. Zimejaa mpaka vyombo vya watu vinapandiana? Kuna kabati au sehemu ya kutunza unyevu, yenye mifuko ya plastiki ya kufunikia? Kazi zina majina na tarehe? Studio ambayo shelfu zake zimeelemewa maana yake wamesajili memba kuliko uwezo wa tanuru, na utakuja kusubiri kuchomewa mpaka usahau ulifinyanga nini.

Alafu usafi. Ukiona mtu anafagia sakafu kavu kwa ufagio na vumbi jeupe linapanda kwenye mwanga, shukuru kwa muda wao na uondoke. Siongezi chumvi. Udongo wa ufinyanzi na glezi (ile ngozi ya kioo inayopakwa juu ya chombo) vina silika, madini yale yale ya mchanga, vumbi lake likiwa laini linaelea hewani muda mrefu na linaingia ndani kabisa kwenye mapafu, na ukilivuta miaka na miaka linaleta silikosisi, ugonjwa ambao mapafu yanapata makovu na hauponi. Studio inayojua kazi inasafisha kwa maji, sponji mezani, mopu yenye maji chini, hakuna ufagio, na mtu akitaka kulainisha chombo kikavu kwa msasa anaambiwa atumie sponji yenye maji au atoke nje na barakoa ya maana.

Baada ya hapo uliza maswali, na la kwanza ni masaa. Kama niko kwenye kozi ya Jumamosi, naweza kuja katikati ya wiki kuangalia chombo changu? Hili ndo linaloamua. Chombo ulichofinyanga Jumamosi ukikiacha wazi, Jumamosi inayofuata kitakuwa kimekauka vibaya sana, huwezi kuchonga wala kubandika mshikio, na ukikifunga plastiki kupita kiasi utakikuta kibichi vile vile. Ukiruhusiwa kupita hata nusu saa Jumatatu au Jumanne, maisha yanabadilika. Wakisema haiwezekani, uliza kama mwalimu au msaidizi anawafunulia na kuwafunikia watu vyombo vyao. Wakikutazama kama hujui unachoongea, hapo umeshapata jibu.

La pili ni tanuru. Wanachoma mara ngapi, joto gani, na malipo ya kuchoma yanahesabiwaje. Sehemu nyingine imo kwenye ada, nyingine wanapima kwa kilo, nyingine kwa ukubwa wa chombo, yaani urefu mara upana mara kimo. Mfumo wa ukubwa unaumiza anayependa masahani mapana, wa kilo unaumiza anayeanza, maana anayeanza hufinyanga vitu vizito ajabu. Uliza pia kama wanakuruhusu kukataa kuchomewa kitu. Utapenda kukataa, nakuhakikishia.

La tatu ni udongo. Studio nyingi zinakulazimisha utumie udongo wao na watu wanalalamika kuwa ni biashara. Wakati mwingine ni biashara kweli, ila kuna sababu ya msingi: kila udongo una joto lake. Udongo wa joto la chini unaiva kwenye nyuzi 1000 na kitu mpaka kama 1150 za Selsiasi, ule wa mawe unataka kama 1200 mpaka 1300. Ukiuweka wa chini kwenye tanuru la juu unalegea, unayeyuka, unamwagika kwenye shelfu ya tanuru na kugandisha vyombo vya wenzio. Ndo maana nilisema chombo kimoja tu.

Na hapo kuna mtego wa namba. Wafinyanzi hawaongei nyuzi sana, wanaongea koni, vile vijipembe vidogo vya udongo maalumu vinavyowekwa ndani ya tanuru vikainama joto likishafanya kazi yake. Hermann Seger alizitengeneza Ujerumani mwaka 1886, Edward Orton akaja na zake Marekani muongo mmoja baadaye, na namba za Orton ndo utazisikia studio nyingi. Sasa koni 06 na koni 6 sio kitu kimoja. Koni 06 ni kama nyuzi 1000, koni 6 ni kama 1220. Ile sifuri mbele ni tofauti ya nyuzi zaidi ya 200, na mtu akisoma lebo haraka haraka anaiacha. Kabla hujaingiza udongo au glezi yoyote kutoka nje soma hiyo namba mara mbili na umwonyeshe anayesimamia tanuru.

Anza na mikono, gurudumu litakuwepo

Hapa najua nitapingwa, ila kama kozi inakupa nafasi ya kuchagua, anza na kufinyanga kwa mikono. Gurudumu linakufundisha gurudumu, mikono inakufundisha udongo. Na usidhani ni kazi ya watoto. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, anajenga vyombo vyake kwa mikono, anapandisha udongo kidogo kidogo na kuung'arisha kwa kuusugua bila glezi, na kazi zake zimo British Museum.

Njia ziko tatu za kuanzia. Ya kwanza unachukua donge la kutosha kiganja, unatoboa katikati kwa dole gumba, unafinya huku unazungusha mpaka linakuwa kibakuli. Inaonekana rahisi mpaka pale mdomo unapoanza kupasuka nyufa ndogo ndogo kwa sababu joto la mikono yako limeunyonya maji, basi unalowesha kidole, kidole tu sio kumwagia, unapitisha kwenye ukingo. Ya pili ni ya kamba, unasokota udongo kuwa kamba nene kama kidole, unazungusha juu ya kitako safu kwa safu na kila safu unaisugulia kwenye ile ya chini upande wa ndani na wa nje, na hii ndo inakupa vyombo vikubwa hata kama huna nguvu. Ya tatu ni ya bapa, unausukuma udongo kwa mti wa kusukumia uwe bapa lenye unene mmoja, unakata vipande, unaviacha vikakamae kidogo, unaviunganisha.

Kuunganisha ndo kosa la watu wote. Huwezi kubandika kipande kwenye kipande ukakandamiza ukasema kimeshika. Kwaruza pande zote mbili kwa sindano au uma mpaka ziwe na michirizi, paka tope zito la udongo ule ule, kandamiza huku unasogeza kidogo kidogo mpaka usikie kunang'ang'ania, alafu futa tope lililotoka pembeni. Na vipande viwe na unyevu unaolingana. Mshikio mbichi kwenye kikombe kilichokakamaa utasinyaa kuliko kikombe na utaachia pale pale kwenye kiungo, wakati mwingine unaachia ndani ya tanuru ambako huna la kufanya.

Kabla ya yote hayo kuna kukanda. Watakuambia ni kama kukanda unga na mikono itadhani hivyo, ila unga unaukunja ili uingize hewa, huku unausukuma na kuuviringisha bila kukunja ili hewa itoke na unyevu ulingane kote. Kata donge kwa waya katikati uangalie. Ukiona matundu, endelea.

Gurudumu sasa

Ukifika kwenye gurudumu chukua donge dogo, nusu kilo au zaidi kidogo, usiende kilo mbili kwa tamaa. Kaa karibu mpaka inakera, karibu kuliko unavyodhani inafaa. Viwiko au mikono ya mbele iegemee mapajani au kwenye ukingo wa beseni la gurudumu, kiwiko kinachoelea hewani hakiwezi kushinda udongo unaozunguka.

Kitu cha kwanza ni kuuweka udongo katikati na hiki ndo kitakachokula wiki zako za mwanzo. Bamiza donge katikati ya sahani ya gurudumu, kavu kwenye kavu, maana chini kukiwa na maji litateleza. Lowesha mikono, washa spidi kubwa. Mkono mmoja unasukuma kutoka ubavuni, mwingine unakandamiza kutoka juu, na yote miwili inagusana ili ifanye kazi kama kitu kimoja. Wala sio misuli ya mikono, ni uzito wa mwili, unainama mbele na kufunga viwiko, udongo ndo unakuja kujipanga kwenye mikono iliyotulia. Ukianza kuufukuza, umeingia kushoto na wewe unaenda kushoto, umekushinda. Utajuaje umekaa sawa? Fumba macho, gusa kidogo. Kama mkono hauruki, umekaa. Na kuachia uachie taratibu, mtu anahangaika dakika tano anaupata alafu anatoa mikono ghafla kama ameguswa na umeme, udongo unatoka tena.

Kutoboa katikati, shuka mpaka ubaki na kitako cha kama sentimita moja, simamisha gurudumu, pima kwa sindano. Kandamiza hicho kitako kwa vidole kutoka katikati kwenda nje na kurudi, watu wanaruka hatua hii alafu chombo kikikauka kinatoka ufa wenye umbo la S chini, wanalaumu tanuru. Kuta zinapandishwa kwa spidi ndogo, kidole kimoja ndani kimoja nje, unatoka chini kabisa unapanda pole pole ukifuata mzunguko. Maji kidogo. Wanaoanza wanamwaga maji kila dakika kwa sababu wanaogopa msuguano na mwisho ukuta unalegea unakaa chini. Futa bwawa la ndani kwa sponji.

Kuhusu mwelekeo, Japani gurudumu kijadi linazunguka kama mishale ya saa, sehemu nyingine nyingi kinyume chake, na yale ya umeme mengi yana swichi ya kubadilisha. Kama unatumia mkono wa kushoto jaribu pande zote mbili kabla mwalimu hajakuzoesha wake.

Na vile vyombo vya mwanzo, vikate katikati kwa waya, kutoka mdomoni mpaka kitakoni. Inauma, najua, lakini kuuona ukuta wako umekuwa mnene chini na mwembamba juu inakufundisha kuliko maelezo ya mwalimu ya mwezi mzima. Udongo unarudi kwenye ndoo, haujapotea.

Kusubiri ndo kazi

Chombo kimetoka kwenye gurudumu, ni kibichi, ukikigusa kinabonyea. Kiache. Mdomo unakauka kabla ya kitako kwa sababu ni mwembamba na hewa inaupiga pande zote, kwa hiyo funika mdomo kwa plastiki nyepesi au mdomo ukishajishika kigeuze kichwa chini.

Hatua unayoiwinda ni pale udongo umekakamaa: kidole hakibonyezi kirahisi, ila kisu kinakata na kutoa ukanda mzuri usiovunjika, na chombo unaweza kukinyanyua kwa mkono mmoja bila kupinda. Ukifika hapo kimbia. Ndo muda wa kuchonga kitako, kubandika mshikio, kukata tundu, kuandika jina lako chini. Kinachotoka wakati wa kuchonga kiwe kama riboni. Kikitoka vumbi umechelewa, kikigandia kwenye chuma umewahi. Kimepita kidogo? Kifunge na taulo lenye unyevu ndani ya plastiki usiku mmoja, mara nyingi kinarudi. Kikishakuwa kikavu kabisa na rangi imepauka, usijaribu kukifufua, kivunje kiende kwenye ndoo ya kurejesha udongo. Na chenyewe kikavu kabisa ndo kinalainika upesi kwenye maji kuliko kile cha nusu nusu, wengi hawaamini mpaka wajionee.

Kujua kama kimekauka vya kutosha kuchomwa, kiweke shavuni. Kikiwa cha baridi bado kina maji. Kina maji maana yake mvuke, na mvuke ukikosa njia ndani ya ukuta chombo kinalipuka na vipande vinaingia kwenye vyombo vya jirani. Utasikia sana kuwa ni viputo vya hewa vinavyolipua vyombo. Hapana, karibu kila mara ni unyevu. Hewa kavu haina kesi na mtu.

Na kumbuka vinasinyaa. Kutoka kibichi mpaka kimechomwa mara ya mwisho chombo hupungua kama asilimia 10 mpaka 15 kutegemea udongo, kwa hiyo kikombe kinachokutosha vizuri mkononi kikiwa kibichi kitatoka cha mtoto. Mfuniko na chungu chake vifinyange siku moja, udongo mmoja, vikauke pamoja.

Moto, haraka haraka

Tanuru sio lako, ni la anayelisimamia, wewe unaweka kwenye shelfu ya kusubiri na unaondoka. Ila ujue kinachoendelea ili usiwe unauliza kila siku. Moto wa kwanza, kabla ya kupaka glezi, unaenda kama nyuzi 1000. Unapanda polepole kwa sababu kwanza maji ya kawaida yatoke, alafu kati ya nyuzi 450 na 600 hivi yanatoka maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, na hapo ndo udongo unaacha kuwa udongo, hata ukiutia kwenye maji mwaka mzima haurudi kuwa tope. Kwenye nyuzi 573 kwatsi, aina ya silika iliyomo ndani yake, inavimba ghafla, ikipoa inapita hapo hapo inasinyaa, kwa hiyo kupoza haraka kunapasua vyombo. Kupoa kunaweza kuchukua muda kama wa kuchoma au kuzidi. Ukiona mtu anachungulia tanuru lenye moto eti ana hamu, mwambie atulie.

Glezi

Kimsingi ni kioo kinachoyeyukia juu ya chombo: silika ya kutengeneza kioo, kitu cha kuifanya iyeyuke mapema, na alumina ya kuizuia isitiririke yote chini. Rangi unayoiona kwenye ndoo usiiamini hata kidogo, ya kahawia inatoka ya kijani, ya pinki inatoka bluu. Angalia vigae vya majaribio ukutani, na uangalie kile kilichopakwa kwenye udongo kama wako.

Chombo kikitoka moto wa kwanza unakipaka glezi alafu kinarudi tanuruni mara ya pili. Kifute kwa sponji yenye unyevu kwanza, vumbi linafanya glezi ijikunje na kuacha mabaka. Koroga ndoo mpaka chini kabisa maana vitu vizito vinazama. Chovya sekunde mbili tatu, toa, kung'uta. Ukigusa vidole vimeacha alama, paka tone hapo.

Alafu kitako. Hapa usiwe na haraka hata kama studio inafungwa. Sehemu yote inayokaa kwenye shelfu ya tanuru, na milimita 3 mpaka 5 kwenda juu yake, iwe haina glezi hata tone. Wengi wanapaka nta kabla ya kuchovya ili glezi isishike, lakini hata juu ya nta vinabaki vitone, na hivyo vitone vikiyeyuka vinagandisha chombo kwenye shelfu. Geuza, futa, suuza sponji, futa tena, angalia kwenye mwanga kwa pembeni. Mahali glezi mbili zinapopishana zinatiririka zaidi, kwa hiyo usizipishanishe karibu na chini.

Kama ni chombo cha kulia au kunywea uliza waziwazi kama hiyo glezi inafaa kwa chakula. Glezi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na hata zisizo na risasi, zenye shaba nyingi zinaweza kuachia kwenye vitu vyenye asidi. Kung'aa hakumaanishi salama.

Kuishi na wenzio studio

Mengi ni adabu ya kawaida tu ya mahali pa watu wengi. Usiguse kazi ya mtu kwenye shelfu, hata kama unataka kuisifia, chombo kikavu kisichochomwa kinavunjika kwa kushikwa mdomo. Maji ya tope usimwage kwenye sinki, yaache kwenye ndoo yatuame, maji ya juu ndo yamwagwe, maana bomba likiziba na udongo fundi atalia na wote mtachangia. Kipande cha plasta kikikatika kutoka kwenye ubao wa kukaushia kisiingie kwenye udongo wa kurejesha, kitachomwa ndani ya chombo cha mtu na baadaye kitanyonya unyevu, kivimbe na kutoboa ukuta. Safisha gurudumu lako mpaka chini ya beseni, na dakika 20 za mwisho zihesabu kuwa ni za usafi, sio za kufinyanga kimoja cha mwisho.

Alafu ongea na watu. Memba wa zamani wanajua glezi ipi inatiririka, shelfu gani inakausha haraka kwa sababu iko karibu na tanuru, na siku gani pako kimya. Mengi ya hayo wala hayajaandikwa popote. Jitolee kusaidia kupanga au kutoa vyombo kwenye tanuru kama wanaruhusu, utaona kazi za wengi na makosa ya wengi kwa siku moja. Vikombe vilivyopinda utabaki navyo mwenyewe, ndo ile mfinyanzi hulia gaeni, vizuri vyote ndugu na marafiki wameshabeba.

Kama studio unayoitaka imejaa andika jina kwenye foleni yao na uendelee na kozi sehemu nyingine, nafasi huwa zinafunguka kozi zinapoisha. Na ikikujia hamu ya kununua gurudumu lako la nyumbani, kwanza tafuta utachomea wapi. Gurudumu linakaa kwenye kona ya chumba, tanuru linataka umeme wa nguvu kubwa, nafasi wazi pembeni na njia ya kutolea moshi wake, na studio nyingi hazichomi kazi za watu wasio memba, kwa hiyo waulize kabla hujalipia gurudumu.